Kisiki Pembeni mwa Picha

Saa kumi na moja na nusu. Ruhija bado imejifunika ukungu.
Navaa buti za mpira, nafunga leso kichwani,
napokea mgongoni lenzi ya Daktari Mugoya,
nzito kama mtoto aliyelala.

Daktari kang'oa meno Mbale miaka thelathini,
sasa kastaafu, anafuata ndege.
Yeye Mgisu, mimi Mkiga;
Kiswahili tumekiweka katikati kama sinia.
Changu nilikiokota kwa askari wa hifadhi,
kina matundu,
lakini kinatosha kusema: yuko wapi,
nyamaza,
sikiliza.

Tunateremka kuelekea kinamasi cha Mubwindi.
Njia ni tope na mizizi, na mizizi inateleza kuliko tope.
Ndyomugyenyi anatangulia na fimbo yake.
Siafu wamekata njia; sisi wawili tunaruka,
Daktari anachelewa,
anacheza ngoma asiyoijua, anapigapiga suruali.
Hacheki mtu mpaka acheke mwenyewe.

Tunayemtafuta hajazi kiganja.
Kijani, juu ya kijani, ndani ya kijani,
na kifuani kiraka cha samawati.
Miaka kumi na mmoja nimebeba mizigo ya wageni kuja kwake
na sijamwona.
Mbebaji hukaa nyuma,
na mgongo wa mwenye kamera ni mpana.
Namjua kwa sikio tu: tsii, tsii,
uzi unaopenya tundu la sindano.

Kiota kinaning'inia juu ya shimo,
kimefumwa kwa kuvumwani na utando wa buibui.
Msitu umelisahau shimo lile. Mimi hapana.
Baba alisimama humo chini,
mwenzake juu ya gogo,
msumeno ukipanda na kushuka kati yao,
unga wa mti ukimwingia machoni.
Hifadhi ilikuwa bado haijawa hifadhi.
Mbao zile zilininunulia daftari la darasa la kwanza.
Kisiki kipo, kimeota kangaga kichwani.

"Mchezee sauti yake kwenye simu," asema Daktari, "atajitokeza."
Ndyomugyenyi anatikisa kichwa:
"Ana mayai. Mwenye mayai haitwi."
"Basi tawi hilo, moja tu, linaniziba."
"Tawi hilo ndilo paa lake."

Tukakaa.
Mvua ikaja bila kubisha.
Leso yangu nikaivika lenzi, kichwa nikakiachia mvua.
Nikagawa viazi vitamu vilivyopoa,
Daktari akala na maganda.

Kisha: tsii.

Kamera ikatafuna, ikatafuna, ikanyamaza.
Hakuna aliyepumua. Au labda tulipumua, sikumbuki.
"Mama Kembabazi," aliniita, "njoo uone."
Kwenye kioo kidogo kama kiberiti
nikamwona aliyekuwa sauti:
mdomo mpana, wa mtu aliyenuna,
tone la mvua begani,
na jicho. Sikujua ana jicho jeusi hivyo.

Daktari akaikagua picha kama anavyokagua fizi.
"Safi. Ila kisiki hiki hapa pembeni kinaharibu.
Nikifika nyumbani nitaking'oa."

Nikamwambia, "Daktari, hicho kina mzizi mrefu."

Akanitazama. Akatazama shimo.
Hakuuliza, nami sikueleza.
Mlima wa kurudi ulikuwa mlima uleule,
lenzi uzito uleule,
na malipo yangu yaleyale, noti mbili zenye unyevu.

Mwezi wa nne bahasha ikaja kwa basi,
imekunjwa kona moja, ina alama ya mafuta ya dereva.
Nikaipeleka mlangoni penye mwanga.
Ndege alikuwepo, bila shaka alikuwepo.
Mimi nilitazama pembeni kwanza.